Barua ya wazi kwa Mheshimiwa aliyetuahidi mashine ya IRM

Lubumbashi, komini ya Katuba

Mheshimiwa,

Jina lako siliandiki hapa, wala jina la ofisi yako. Wewe mwenyewe unajijua, na sisi tuliokaa juani siku ile kwenye viti vya plastiki tukakupigia makofi tunakujua. Ulisimama mbele ya hospitali, ukatuonyesha chumba kilichokuwa kikijengwa, ukasema kabla mvua hazijarudi hakuna mwanamke wa Lubumbashi atakayevuka tena mpaka kwenda kutafuta picha ya titi lake. Mvua zimerudi mara mbili. Nilinyamaza muda wote huo kwa sababu nina mgonjwa, na mwenye kuhitaji mlango haupigi teke. Lakini baada ya yaliyotupata Jumanne ya wiki iliyopita, kunyamaza kumenishinda.

Jumanne hiyo tulitoka Katuba saa tisa za usiku, mimi na mdogo wangu. Ana miaka 36, watoto watatu, na kansa kwenye titi la kushoto. Alikuwa amemaliza duru ya pili ya shimio, ile dawa ya kutundikwa kwenye mshipa, na munganga, yaani daktari, alitaka picha ya IRM (wengine huiita MRI, mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili) kabla ya kuanza ya tatu. Miadi ilikuwa saa nne za asubuhi, upande wa Zambia. Kabla ya kufika Kasumbalesa, mji wa mpakani, tukakuta malori. Unaijua foleni ile, hata wewe umepita pale. Mbele yetu lilisimama lori la vibao vya shaba, vimepangwa na kukazwa kwa mikanda ya chuma, na jua lilipochomoza vikawaka kama makaa ya mbabula, jiko letu la bati. Dereva wetu alijaribu kupita kando akarudishwa. Mdogo wangu alitapika kwenye mfuko tuliokuwa tumefungia mkate, kisha akaketi juu ya jiwe, kitenge kimefunika kichwa kisichokuwa na nywele. Saa nne ilitukuta kwenye jiwe lile. Tulifika saa tisa alasiri, nafasi yetu keshapewa mwingine. Siwalaumu, mashine haiwezi kukaa bure ikimngoja mtu asiyejulikana yuko wapi. Wakatuandikia tarehe mpya, siku 16 mbele.

Labda mtu atakwambia siku 16 si kitu. Naomba unisikilize kidogo hapo, maana mimi ni mwalimu wa fizikia na jambo hili nimelazimika kulisoma kama sijawahi kusoma kitu maishani.

Mara ya kwanza tulipokwenda, kabla ya shimio, fundi wa picha alinivutia kiti nikae karibu naye, nyuma ya kioo. Mdogo wangu alikuwa amelala kifudifudi, matiti yakining'inia ndani ya matundu mawili ya kifaa maalumu, masikio yamezibwa. Baadaye aliniambia mlio wa mle ndani ni kama kukaa katikati ya mafundi wa mbabula wanaponyoosha mabati. Picha za mwanzo zilikuwa za kijivu, sikuona lolote. Kisha wakamwingizia mkononi gadolini, dawa inayofanya damu ing'ae kwenye picha, na picha zikaendelea kupigwa, dakika baada ya dakika. Moyo ukawa mweupe kwanza. Halafu zikatokea nyuzi. Upande wa kulia zilikuwa nyembamba na chache: baadhi zinatoka kando ya mfupa wa kifua, nyingine zinashuka kutoka kwapani, ndiyo njia ambazo damu hulifikia titi la kila mwanamke. Upande wa kushoto uzi mmoja ulikuwa mnene, umetoka karibu na mfupa wa kifua, ukajikunja, ukagawanyika, ukaingia kwenye doa. Doa likawaka kabla ya dakika mbili kupita. Na wakati nyama nyingine za titi zilikuwa bado zinaendelea kung'aa polepole, doa lile likaanza kufifia.

Yule fundi wa picha akachukua kalamu, akanichorea mstari nyuma ya risiti: unapanda haraka, unashuka haraka. Akasema mara nyingi kansa huchora hivyo, na uvimbe usio na ubaya mara nyingi hupanda taratibu bila kushuka. Akanionya pia kwamba mstari peke yake hautoshi, ni lazima kipande cha nyama kipimwe. Kilipimwa. Risiti ile ninayo hadi leo, imo ndani ya kitabu changu cha darasa la sita.

Kwa nini doa linawaka hivyo? Mnamo 1971 daktari wa Marekani, Judah Folkman, aliandika kwamba uvimbe wa kansa hauwezi kukua kupita milimita chache bila kujiletea mishipa yake wenyewe ya damu. Wengi walimkatalia, na muda ukampa haki. Uvimbe hutoa ishara, mishipa ya jirani ikachipua kuufuata. Lakini mishipa hiyo haijengwi vizuri. Mheshimiwa, umeona nyaya za kuungaunga kwenye nguzo za mitaa yetu, kila mtu anavuta wake, zimepindana, zinachubuka, zinapiga cheche? Ndiyo mishipa ya kansa. Kuta zake zinavuja. Gadolini inapita haraka kwenye matundu hayo na kutoka haraka, na IRM inaliona hilo. Mamografi ya mdogo wangu, ile picha ya eksirei ya titi, haikuonyesha lolote, maana matiti ya wanawake wenye umri wake mara nyingi yana nyama nzito, na humo uvimbe hujificha, weupe ndani ya weupe.

Sasa rudi kwenye siku 16. Shimio likifanya kazi, mara nyingi mishipa hiyo hupungua kabla uvimbe wenyewe haujapungua chini ya vidole vya munganga. Picha ya baada ya duru ya pili ingetuambia: ule uzi mnene umekonda, endeleeni, au: bado unalisha kama mwanzo, fikirieni dawa nyingine. Hilo tu ndilo tulilokuwa tumelifuata Jumanne. Ijumaa munganga alipaswa kuchagua, kungoja siku 16 huku uvimbe unakula, au kuendelea bila kuona. Akachagua kuendelea. Serumu imetundikwa, duru ya tatu imeingia, na hakuna mtu duniani anayejua kama inaua kansa au inamuua mdogo wangu peke yake. Nilimshika mkono mpaka chupa ikaisha. Aliniuliza, "Yaya, kama si yenyewe je?" Sikuwa na jibu.

Mheshimiwa, jibu hilo lilipaswa kuwa kwenye kile chumba ulichotuonyesha. Nilikipitia Ijumaa hiyohiyo nikachungulia dirishani. Kuna magodoro, vitanda vilivyovunjika na madebe ya rangi. Ukutani bado mnaonekana mahali palipopimwa kwa chaki.

Darasani huwafundisha watoto kuzungushia waya wa shaba kwenye msumari na kuunganisha betri, mpaka msumari unavuta pini. Kila mwaka wanashangilia. Sumaku ya IRM ni mwanafunzi mkubwa wa msumari ule. Nyaya zake zimefumbatwa ndani ya shaba, na kuta za chumba chake mara nyingi hufunikwa kwa mabamba ya shaba ili mawimbi ya redio ya nje yasiharibu picha. Shaba, Mheshimiwa. Tulikaa saa kadhaa tukiitazama shaba yetu inatangulia kuvuka, kisha sisi tukaifuata tukiwa wagonjwa, na bei ya picha moja imezidi mshahara wangu wa miezi miwili. Mara ya kwanza niliuza masini ya kushona. Mara hii mume wa mdogo wangu ameuza nusu ya lupango, kiwanja chao. Kwa picha ya tatu hatuna tena cha kuuza.

Sheria ya Madini iliyorekebishwa 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha, ada inayotozwa kwa madini yanayochimbwa humo. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya imehakikishwa. Huko Abuja mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Na Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke mwenye dalili kwenye titi apate jibu kamili, picha na vipimo vya nyama pamoja, ndani ya siku 60. Mdogo wangu alikaa siku 117. Nimezihesabu kwenye kalenda ya ukutani, kila moja.

Kwa nini mashine haijafika? Mitaani kila mtu ana lake. Wengine wanasema imekwama forodhani, wengine wanasema haikuagizwa kabisa. Mimi ninavyowaza ni umeme. Sumaku ile hulazwa ndani ya heliamu ya majimaji, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na mtambo wa kuipoza haupaswi kulala usiku wala mchana. Umeme ukikatika kwa muda mrefu heliamu huchemka ikatoka, na kuijaza tena ni pesa nyingi. Pengine mtu alikushauri usilete mashine hiyo katika mji ambao taa zinazimika watu wakiwa mezani na bukari yao. Kama ndivyo, si aibu kutuambia. Njoo mbele ya viti vilevile useme: umeme hautoshi, tunatafuta jenereta na mafundi, itachukua miaka kadhaa. Tungekasirika, lakini tungepanga maisha yetu. Ulichotuachia ni kungoja, na kansa haingoji na sisi.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na maombi mengi. Nilitaka mashine, nilitaka mafundi wa picha wasomeshwe, nilitaka bei ambayo mwalimu na muuza unga wanaweza kuilipa, nilitaka utaje tarehe. Bado navitaka vyote, na wanawake niliokutana nao kwenye benchi la hospitali wanavitaka pamoja nami. Lakini usiku huu, mdogo wangu analala chumba cha pili na namsikia anavyogeukageuka, ombi langu limekuwa moja.

Tupe karatasi. Karatasi moja yenye muhuri wako, ambayo mgonjwa wa kansa akiionyesha Kasumbalesa anapitishwa kando ya malori bila kuulizwa chochote. Haihitaji bajeti, haihitaji heliamu wala umeme. Inahitaji kalamu yako na simu moja kwa wakubwa wa mpakani. Nakuomba kwa heshima yote, nakuomba tena: karatasi ya kutupitisha.

Miadi yetu mpya ni Alhamisi ya wiki ijayo, saa nne za asubuhi. Kipimo cha figo tumekirudia leo, maana bila hicho hawamwingizii gadolini. Tutatoka Katuba saa nane za usiku. Dada wa mapokezi katika ofisi yako ana namba yangu ya simu, nimemwachia mara tatu.

Mwalimu wa fizikia, Katuba