Mwanangu ameniambia "wewe si uliacha?" na sina la kumjibu

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa kumi alfajiri, sijapata hata lepe la usingizi. Maneno yakikosa mpangilio nivumilie.

Nina mtoto wa miaka kumi na mmoja. Watoto wa aina yake unawajua: kichwa chepesi, alisoma kabla ya wenzake, mgeni akija anaitwa asome kitu tumwone. Tulimpa jina la Profesa hata kufunga kamba za viatu hajui. Usinihukumu kwa hilo, mzazi gani asiyemsifu mwanawe?

Muhula uliopita, nikifua, nilikuta ndani ya soksi yake karatasi ya mtihani wa hesabu imekunjwa na kukunjwa tena hadi ikawa ndogo kama kucha ya dole gumba. Amepata 31 kati ya 100. Mimi alikuwa ameniambia 81. Ile tatu alijaribu kuizungushia wino mwekundu iwe nane, akaishia kuchafua.

Sikumpiga, wala sikumfokea. Nilikwenda kwa mwalimu wake, naye ndiye aliyenieleza habari ya mtazamo wa kukua, kwamba uwezo wa mtu hujengwa, si kitu anachozaliwa nacho kikabaki vilevile. Akanisimulia utafiti wa Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani, uliotoka mwaka 1998. Watoto wa darasa la tano walipewa maswali, wengine wakasifiwa kwa akili, wengine kwa bidii. Walipoletewa maswali magumu, waliosifiwa kwa akili wakalegea. Kisha walipotakiwa kuandika alama zao ili mwanafunzi mwingine azione, karibu wanne katika kila kumi kati yao walidanganya. Shangazi, nilimwona mwanangu na ile nane yake.

Tangu siku hiyo nimejitahidi, Mungu ni shahidi. Neno Profesa halitamkwi tena nyumbani. Nimemnunulia daftari la makosa: kila jioni anaandika swali alilokosa, alikosea hatua gani, na kesho ataliingilia wapi. Baada ya siku tatu nne analirudia bila kuangalia jibu. Akisema "siwezi" namwambia aseme "bado siwezi". Simwulizi tena amepata ngapi, namuuliza nini kimemsumbua leo. Mwalimu alinionya nisitarajie miujiza, maana tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba kwa wastani faida yake ni ndogo. Lakini mtihani wa juzi alipata 46 na karatasi akaniletea mwenyewe mkononi. Kwangu hilo si dogo.

Sasa jana usiku. Alikwama kwenye hesabu za sehemu, kujumlisha zenye asili tofauti. Akasema hawezi. Nikamwambia, "Sema bado." Akaweka penseli chini, akanitazama, akasema, "Mama, na wewe si uliacha?"

Hakusema kwa ujeuri. Angekuwa na ujeuri ningejua la kufanya.

Ni kweli niliacha. Nilikuwa nasomea mitihani ya uhasibu, imebaki karatasi moja tu. Lakini nilikuwa na mtoto mchanga, Shangazi, na kazi, na mume anayesafiri. Mwanamke gani angeweza? Kila mtu anajua niliacha kwa ajili ya mtoto. Mume wangu ndiye aliyemwambia hivyo, tena kwa kunisifu, kwamba mama yako alijinyima kwa ajili yako.

Karatasi ile niliifanya mara mbili. Mara ya pili nilimwambia mume wangu sikuingia kwenye chumba cha mtihani, mtoto alikuwa na homa. Homa ilikuwepo kweli. Ila niliingia, na nikafeli kwa alama chache kuliko mara ya kwanza. Barua ya matokeo iko juu ya kabati, ndani ya mkoba nisioutumia, imekunjwa. Miaka tisa sasa. Hakuna anayejua ila wewe.

"Wewe si uliacha." Nimelisikia usiku kucha. Mimi niliyemnunulia daftari! Kwani mzazi lazima awe amefaulu kila kitu ndipo amfundishe mwanawe? Nadhani si lazima. Na si haki mtoto kumpima mama yake. Lakini pia hakukosea.

Nataka unishauri nimjibu nini akiamka. Nimefikiria kumwambia ni mambo ya watu wazima. Nimefikiria pia kuishusha ile barua nikae naye kwenye meza ileile, aone alama zangu, aone nilikosea wapi, kama nikikumbuka. Lakini akimwambia baba yake? Miaka tisa nimesifiwa kwa jambo ambalo si lote kweli. Na mtoto akishajua mama yake alificha, ile karatasi ya kwenye soksi nitaisemaje tena?

Kurudi shule sitaki, hilo lieleweke. Umri umekwenda, kichwa si kile. Usajili wa mtihani unafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Sisemi najisajili. Nimeuliza tarehe tu.

Naomba unijibu mapema.

Mama wa mtoto mmoja