Shukrani kwa mzee wa barazani, Mji Mkongwe

Shikamoo mzee wetu. Sisi Wakenya tunaofanya kazi Dar hatukulijua jina lako, lakini maelekezo yako ya kutembea Mji Mkongwe wa Zanzibar mwezi wa Aprili, wakati wa masika, tunayafuata mpaka leo na kuwapa wenzetu.

Ulisema mwavuli tuuache: vichochoro ni vyembamba, na maji ya mapaa humwagika katikati ya njia. Koti la mvua linatosha. Viatu viwe vya kufunga nyuma, vyenye soli ya mpira yenye meno, kwani ndala huteleza kwenye mawe yaliyolainishwa na nyayo. Mvua ikizidi, pandeni barazani, kwenye viti vya mawe vilivyojengewa mbele ya nyumba, mpite juu ya maji. Baraza hazikujengwa kwa mazungumzo tu. Na msijikinge chini ya roshani kuukuu. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji, zikawa nzito, plasta ikabanduka.

Chumba tuombe cha ghorofa ya juu, kwanza tukague dari kama ina madoa. Cha chini hakikauki, na nguo hutoa uvundo. Feni iwake usiku kucha. Kwenye boti ya kutoka Dar, takriban saa mbili za safari, tukae sitaha ya chini, katikati, ambako mtikisiko ni mdogo.

Kanisa la Mkunazini, lililoanza kujengwa 1873 palipokuwa na soko la watumwa, ulituagiza tuliweke kwa saa za mvua kubwa. Ahsante sana, mzee, pia kwa kahawa na kashata. Mungu akuzidishie afya.