Ile chupa ya losheni, Mama Tumsifu

Uyole, Mbeya
14 Juni 2025

Mpendwa Mama Tumsifu,

Kamwene, kama wanavyosalimiana huko ukweni kwako. Ninatumaini barua hii itakukuta wewe, Baba Tumsifu, mama mkwe na mtoto mkiwa salama. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwaka huu imeingia mapema na inatutafuna visigino. Unisamehe kwa kuzikata salamu namna hii, kwa maana nina jambo ambalo haliwezi kusubiri: ile losheni niliyokuletea mwezi Machi nilipokuja kumwona mtoto, usimpake tena. Kama imebaki hata tone, itupe leo, hata ukiiona bado ni nyeupe na inanukia vizuri. Nimekupigia simu tangu Alhamisi jioni bila kukupata, ndiyo maana naandika na kumkabidhi Baba Lugano barua hii, kwa kuwa Jumatatu anapita huko kupeleka mbegu za viazi.

Naomba nikueleze yaliyotokea, kwa sababu nisipoeleza utadhani nimeanza kuogopa vivuli. Unakumbuka nilitengeneza chupa tatu: moja nikakuletea wewe, ya pili akaichukua Mama Anyosisye siku ile alipopita kwangu, na ya tatu nikaiweka kabatini nikimsubiri mjukuu. Alhamisi mwanangu alikuja na mtoto, nami kwa fahari zangu nikaitoa ile chupa ili nimpake baada ya kuoga. Nilipofungua kifuniko nilikuta madoa meusi yametanda pembeni, na chini yake harufu kama ya kitambaa cha jikoni kilicholala na maji. Mkono ulibaki hewani. Kilichonitisha zaidi kuliko ule ukungu ni kukumbuka kwamba wiki moja kabla nilijipaka mwenyewe mikononi kutoka chupa ileile, na sikuona wala kunusa kitu chochote.

Jioni nilimsimulia wifi yangu, yule muuguzi, naye hakunicheka kama nilivyotarajia. Aliniuliza swali moja tu: «Uliweka maji?» Nikamjibu kwamba niliweka maji yaliyochemshwa, pamoja na ute wa ule mshubiri ulioko nyuma ya nyumba, ambao siku hizi kila mtu anauita alovera, nikasaga kwa blenda pamoja na mafuta ya parachichi na nta ya nyuki mpaka ikawa laini kama mtindi, jinsi nilivyoona kwenye video ya simu. Akasema basi jibu nimelitoa mwenyewe. Losheni yoyote yenye maji ndani yake bila kihifadhi ni shamba la bakteria na ukungu. Kuchemsha huua vingi vilivyokuwamo siku hiyo, lakini hakuzuii vitakavyoingia kesho kwa kidole, kwa hewa au kwa kifuniko kilichowekwa mezani. Losheni za dukani huwa na kihifadhi kilichopimwa kwa ajili ya kazi hiyo, na yangu haikuwa nacho. Nikajitetea kwamba nilitumbukiza vidonge viwili vya vitamini E. Akanieleza kwamba vitamini E huchelewesha mafuta kuchacha, na kwamba bakteria haina habari nayo kabisa. Nta nayo, ambayo nilikuwa naiamini kama askari wa zamu, haihifadhi maji. Tena ukungu unapoonekana kwa macho, huwa umekwisha kukaa humo siku nyingi, na bakteria zenyewe hazionekani kamwe. Ndiyo sababu nimesisitiza kwamba uitupe hata kama inaonekana safi. Kuiweka kwenye friji kungeongeza siku chache tu, si miezi mitatu.

Sasa nimfikirie mama mkwe wako. Nakumbuka alivyoishika ile chupa, akaigeuzageuza, akasema kwamba yeye aliwalea watoto saba kwa mafuta ya mgando na hakuna aliyepasuka ngozi. Sisi wawili tukatazamana na kucheka chinichini, kana kwamba yeye ni wa zamani na sisi ndio wenye elimu. Mwambie ameshinda. Nilimuuliza wifi, naye akathibitisha kwamba mafuta ya mgando yasiyo na harufu wala rangi hayana maji ndani yake, hayachachi kirahisi, na kwa ngozi ya mtoto mchanga ni salama kuliko vitu vingi tunavyovipamba kwa jina la asili. Nilikuwa nimekwisha kujidanganya kwamba kitu kikitoka shambani hakiwezi kumdhuru mtoto. Hata ule ute wa mshubiri, kumbe utomvu wa njano unaotoka kwenye ganda lake unawasha, nami sikuuacha uchuruzike kabla ya kukwangua.

Lakini sitaki udhani nimekata tamaa ya kutengeneza, maana unanijua. Ijumaa nilikaa na wifi jikoni tukatengeneza upya, safari hii bila tone la maji, na matokeo yake ni mafuta mazito ya kupaka, si losheni. Tulitumia mililita 200 za mafuta ya alizeti na gramu 30 za nta, tukapima kwa ile mizani ndogo ya keki ya Atupele. Nta iliwekwa pamoja na mafuta katika sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto, kwa kuwa nta huyeyuka kwenye nyuzi 60 na kidogo, na ukiiweka moja kwa moja juu ya mkaa unaiunguza na pengine unaiwasha moto. Vikopo vilichemshwa dakika kumi, kisha vikaachwa vikauke kabisa, kwa sababu hata matone yanayobaki chini ya kopo ni maji, na maji ndiyo yaliyonifikisha hapa. Kwa baridi ya Njombe, gramu 20 za nta zitakutosha, la sivyo utakuwa unakwangua kama sabuni ya mche. Mafuta ya nazi niliyaacha kwa sababu hiyohiyo: hugandia kwenye nyuzi 24, na huko kwenu mwezi huu yatakuwa jiwe tangu asubuhi hadi usiku.

Najua utauliza kuhusu parachichi, maana baba yako huko Tukuyu hatanisamehe. Mimi pia liliniuma. Wifi anasema mafuta ya zeituni, ambayo watu wengi huyaheshimu, yamewahi kupimwa kwenye ngozi yakaonekana kuudhoofisha ule utando wa juu unaozuia maji ya mwili yasitoke, na sababu inayotajwa ni asidi ya oleiki iliyomo kwa wingi. Mafuta ya parachichi letu nayo yana asidi hiyohiyo kwa wingi. Alizeti ya kawaida ina zaidi asidi ya linoleiki, ambayo ngozi huitumia kuutengeneza utando huo, na ndiyo mafuta waliyopakwa watoto njiti hospitalini huko Bangladesh, maambukizi yakapungua. Kwa hiyo parachichi tule, na alizeti tupake. Chagua tu yaliyochujwa vizuri, si yale ya mashine ambayo bado yana mashapo chini na harufu ya mashudu. Karanga usiziguse kabisa, kwa kuwa ngozi ya mtoto yenye vipele inaweza kuufundisha mwili kuzikataa karanga hata kwenye chakula baadaye.

Kuhusu nta, kuna jambo ambalo sikulijua hata kidogo. Niliinunua Mwanjelwa ikiwa bado na vipande vya masega na asali yake, nikaona ni dalili ya kwamba haijachakachuliwa. Kumbe asali haitakiwi kuingia kinywani mwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za bakteria zinazolegeza misuli ya mtoto mchanga, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemsha kwa kawaida. Tuliiyeyusha nta ndani ya maji, tukaichuja kwa kitambaa, ikaganda, tukakwangua uchafu wa chini, tukarudia mara mbili, kisha tukaikausha. Hata hivyo usimpake mtoto viganjani wala karibu na mdomo, maana Tumsifu kwa miezi minne yake bila shaka anakula ngumi mchana kutwa.

Sasa lile ambalo limenikalia kichwani tangu Ijumaa. Niliweka maji kwenye losheni kwa sababu ngozi ya mtoto ilikuwa kavu na niliona kikavu hutibiwa kwa maji, jambo ambalo si kosa. Kosa ni kwamba niliyaweka maji chupani, mahali yanapooza, badala ya kuyaacha kwenye ngozi yenyewe. Wifi anasema umwogeshe kwa maji ya vuguvugu, usimkawize, umguseguse kwa taulo bila kumsugua, na kabla hajakauka kabisa umpake mafuta, ili maji yale yabaki yamefungiwa mwilini mwake. Nilimpaka mjukuu hivyo jana na leo asubuhi miguu yake haikuwa na ule ungaunga mweupe. Kwa mara ya kwanza, paka sehemu ndogo tu kwenye kiwiko, usubiri siku moja. Chota kwa kijiko kikavu na safi, si kwa kidole. Ukisikia harufu ya mafuta yaliyochacha, tupa bila huruma, na mimi nimeamua kutengeneza kidogokidogo tu, ya miezi miwili.

Na mtu akikushauri uongeze mafuta ya mkaratusi ili mtoto asipate mafua, au ile tyubu ya dawa ya ngozi ili ang'ae, kataa. Jirani yangu mmoja ameshaanza kunishawishi kuhusu hiyo tyubu. Nimemjibu kwa adabu, lakini adabu inaelekea kuisha.

Nakuomba sasa msaada mmoja mkubwa. Mama Anyosisye alihamia Makete mwezi Aprili na namba yake niliyo nayo haifanyi kazi. Chupa aliyoondoka nayo ndiyo inayoninyima usingizi, kwa sababu yeye ni mtunzaji, na mtunzaji huweka kitu kwa ajili ya siku za baridi, na siku zenyewe ndizo hizi. Kama yuko mtu wa kanisani kwenu anayepanda Makete wiki hii, naomba ujumbe umfikie kabla hajaifungua. Nimempa Baba Lugano kopo moja lako na moja lake.

Niambie basi, ulimpaka mtoto mpaka lini? Je, alitoka vipele, au wekundu kwenye mikunjo ya shingo na mapaja? Kuna mahali palipolowa au kutoa usaha? Kama papo, au kama amepata homa, usisubiri mafuta yangu wala majibu yangu, mpeleke kliniki na, kama hujaitupa, uende na hiyo chupa waione. Simu yako imepatwa na nini? Unalala? Mama mkwe bado anakasirika nikitajwa? Na kile kikapu changu nilichokuja nacho Machi, mnakitumia, au nimwambie Baba Lugano arudi nacho?

Nisalimie wote, na umbusu Tumsifu kwenye paji la uso.

Wako,
Tusekile