Umebadilisha bushi za nyuma na gari bado linagonga? Angalia washa kwanza

Juzi kaka mmoja katuletea Roadster, ile Mazda ndogo ya viti viwili ya kufungua paa, analalamika kwamba bushi zote za nyuma (vile vipande vya mpira vya kwenye maungio ya mikono inayoshika tairi) kawekewa mpya miezi mitatu tu iliyopita na gari bado linagonga "tok" kila akiachia mafuta, halafu tairi za nyuma zinalika upande wa ndani kama mtu kazipiga msasa. Swali lake la kwanza likawa, hivi jamani nimeuziwa bushi feki? Tukaingia shimoni na tochi. Bushi zilikuwa nzuri tu, spea ya maana. Kilichokosekana ni washa, kile kipete cha chuma kinachokaa kwenye bolti kabla ya nati.

Hapa ngoja tueleze kidogo maana wengi hawajui. Gari hili lilipotoka 1989, Japani wakiliita Eunos Roadster, lilikuwa na kilo kama 940 hivi, yaani halifiki hata tani moja, na kila tairi ya nyuma inashikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini. Plei, yaani ule ulegevu wa kwenye maungio, ambayo kwenye Land Cruiser hutaisikia mpaka ukae nayo mwaka mzima, kwenye Roadster unaisikia makalioni siku hiyohiyo. Sasa ule mkono wa chini, pale unaposhika fremu kwa ndani, una bolti mbili ambazo siyo bolti za kawaida. Kichwani zina kisahani kilichotobolewa pembeni badala ya katikati, na upande wa nati inakaa washa ya aina hiyohiyo, imechorwa vimistari ukingoni kama rula. Ukizungusha bolti, kile kisahani kinausukuma mkono ndani au nje, na hapo ndo mtu wa alaimenti anapopangia tairi ielekee wapi na ilale kiasi gani. Washa na bolti zimetengenezwa zishikane kwa namna moja tu ili zizunguke pamoja, na kwenye fremu kuna vizuizi vya chuma vinavyozibana zisihame.

Kumbe fundi aliyefanya ile kazi ya kwanza (hatumjui wala hatuulizi) bolti moja ilimgomea kwa kutu, akaikata na grainda, halafu akarudishia bolti ya kawaida na washa bapa ya dukani. Ikakaza vizuri kabisa, ukiitazama huoni kosa. Ila tundu la kwenye fremu ni refu, siyo duara, limeachwa hivyo makusudi ili bolti iweze kusogea wakati wa kupanga, sasa ukitoa ile washa yenye kisahani hakuna kitu kinachoishikilia mahali pake zaidi ya kule kukaza kwenyewe. Ukikanyaga breki bolti inateleza kidogo, ukikanyaga mafuta inarudi. Ile "tok" ndo hiyo. Na tairi inabadilisha mwelekeo kila saa, alaimenti utapiga asubuhi jioni imeshahama.

Upande wa pili bolti zilikuwa za kwake, washa zipo, ila mpira wa bushi umeanza kuchanika. Miezi mitatu! Hili kosa tunakutana nalo karibu kila wiki na siyo kwa Roadster peke yake: bolti zilikazwa gari likiwa juu ya jeki, tairi zinaning'inia. Bushi ya mpira haizunguki kama beringi. Mpira umegandishwa kwenye bomba la chuma la nje na lile la ndani, na la ndani likishabanwa na bolti na washa zake haliendi popote, kwa hiyo mkono ukipanda na kushuka unaupinda mpira. Ukikaza tairi ikiwa inaning'inia, siku gari likitua mpira unakuwa umeshapindwa tayari, na utakaa umepindwa hivyo mchana na usiku hata ukipaki. Bonde moja la Mbagala linamalizia kazi.

Sisi tunafanya hivi. Kabla hatujanyanyua gari tunapima kutoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa fenda na tunaandika, na ile mistari ya kwenye washa tunaipiga picha. Bolti zote tunaingiza na kukaza kwa mkono tu, gari linashuka, tunalisukuma mbele na nyuma mita kadhaa ili likae sawa, halafu tunaingia shimoni tunakaza kwa spana ya kipimo uzito wote ukiwa kwenye tairi. Kama gereji yako haina shimo, fundi aweke jeki chini ya habu (kile kitovu kinachofungiwa tairi) apandishe mpaka kile kipimo cha fenda kirudi kilekile, ndo akaze. Baada ya hapo alaimenti, lazima, hata kama mistari umeirudisha pale pale.

Kutu ndo inayokula muda. Gari likitokea sehemu za Japani zenye theluji barabara zao humwagiwa chumvi, halafu linakuja Dar linakutana na upepo wa bahari, kwa hiyo bolti inashikana na bomba la ndani la bushi inakuwa kitu kimoja. Mbaya kuliko zote ni ile bolti ndefu ya kule nje inayopita chini ya habu. Ikitoka kwa amani, kazi ya nyuma yote ni siku moja, ikigoma ni siku mbili na bolti mpya juu. Wenye Subaru msicheke, mikono yenu ya nyuma nayo ina bolti za visahani na zinaganda vilevile.

Wengine wanatuuliza bushi za poli, zile za plastiki ngumu badala ya mpira. Zipo na zinadumu, hazina tatizo la kupindwa maana zenyewe zinazunguka juu ya bomba, ila zinataka grisi, zikikauka zinalia kama kitanda cha gesti, na washa zake za pembeni zisiposafishwa kutu zinakwangua ile poli kama jiwe la kusugulia miguu. Kwa gari la kutembelea mjini sisi tunakushauri mpira.

Ukitaka tukufanyie, leta gari jioni ya siku moja kabla ili bolti zilale na mafuta ya kutu usiku kucha. Na kama umeshabadilishiwa mahali pengine, omba zile bolti na washa za zamani uje nazo, hata kama zimekatwa vipande, maana kwa kuziangalia tu tunajua nini cha kukuagizia.