Malalamiko: trela ililala Calais kwa makosa yenu, halafu bili mmeniletea mimi

Bwana meneja, salamu.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndivyo mlivyonipata, mlisema hii ni ofisi ya uwakala wa forodha ya watu wetu hapa Uingereza, nikikwama boda napiga simu naongea na mtu ananielewa. Sasa simu yenyewe ikishapita saa kumi na moja jioni haishikwi, inalia mpaka inakata, na feri za kutoka Calais, Ufaransa, kwenda Dover, Uingereza, zinatembea usiku kucha na nyinyi mnajua.

Trela ilikuwa na mzigo wa mchanganyiko kutoka Uholanzi, wateja tofauti tofauti, kila mmoja na deklaresheni yake ya forodha. Kazi mliyolipwa ni kuzijaza mapema na kunitumia namba zote za MRN, yaani namba ya kila deklaresheni, niziingize kwenye GMR, ile namba moja ya safari nzima inayoonyeshwa kabla ya kupanda feri. Mteja mmoja EORI yake, namba yake ya usajili wa forodha, mkaiandika vibaya, MRN yake haikutoka, na ikikosekana moja GMR haikamiliki, na bila GMR feri hupandi hata ulie. Yaani peleti mbili zimesimamisha trela nzima na karatasi za wale wengine ziko sawa kabisa. Dereva ananipigia mimi, mimi nawapigia nyinyi, kimya. Asubuhi mmefungua ofisi, mtu akairekebisha kwa dakika chache tu, hapo ndo nilichoka kabisa.

Na Calais sio mahali pa kulaza gari hivi hivi. Kuna vijana pale wanatafuta njia ya kuvuka, wakiona trela imesimama wanajaribu, na tangu 2023 serikali ya Uingereza inaweza kukupiga faini ya hadi pauni 10,000 kwa kila mtu atakayekutwa ndani, na kama gari hukulifunga ipasavyo kuna nyingine ya hadi 6,000. Kwa hiyo dereva usiku mzima anazunguka na tochi anaangalia sili za milango na turubai, na hiyo haihesabiki kuwa mapumziko. Takografu, kile kifaa kinachorekodi saa za dereva, haijui habari za EORI. Kuvuka tu saa zake za kuendesha zimekwisha ikabidi alale Kent, mteja wa Leicester nafasi yake ya kupokea ikapita, akanikata hela.

Halafu ndo inakuja invoisi yenu. Mmenitoza "ada ya marekebisho", kurekebisha kosa lenu wenyewe! Chini yake mmeweka na ile ada ya serikali ya vyakula vinavyopita Dover, pauni 29 kwa kila aina, kwa ajili ya jibini la mteja. Ada ile anadaiwa mwagizaji au wakala wake hata kama gari halikuitwa kituo cha Sevington kukaguliwa, mwenye lori anaingiaje hapo? Mimi nabeba tu, jibini hata sili.

Kabla ya 2021 dereva alikuwa anatoka Rotterdam na CMR yake, ile hati ya mzigo, na pasipoti, basi, anakuja mpaka Leicester. Brexit sikuileta mimi wala nyinyi, lakini nyinyi ndo mmefungua duka juu yake, mnachukua hela ya kila deklaresheni, kwa hiyo hasara yake pia muijue. Zamani nimeendesha lori Mombasa mpaka Malaba, foleni ilikuwa balaa, ila angalau ejenti alikuwa pale pale boda na faili kwapani, ukitaka kumgombeza unamuona.

Ninachotaka ni hiki. Futeni ada ya marekebisho, hiyo ya jibini mpelekeeni mwagizaji, mnilipe posho ya dereva ya usiku ule na zile hela nilizokatwa Leicester, risiti nimeambatisha. Pia nipeni namba ya simu ambayo binadamu anaishika saa nane usiku, na MRN zote nizipate kabla gari halijaondoka Uholanzi, sio dereva anasubiri maegeshoni huku mnaniandikia "tunafuatilia". Na kama wa usiku hamna semeni tu, watu tupange safari za mchana.

Nasubiri jibu la maandishi kufikia Ijumaa. Mpaka hapo invoisi siilipi, na mzigo wa wiki ijayo nimeshampa wakala mwingine.

Mteja wenu, mwenye lori