Vijana wa ukutubi waanzie shule za kata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na vijana wanaomaliza cheti, stashahada na shahada za ukutubi, yaani kazi ya maktaba, kisha wakakaa nyumbani kusubiri tangazo la Sekretarieti ya Ajira. Kwenye usaili wengi wanaeleza vizuri maana ya uainishaji, yaani kupanga vitabu kwa namba za mada. Wakipewa kitabu mkononi na kuambiwa wakipatie namba, wanakwama. Mwajiri anaona hapohapo kwamba atalazimika kuwafundisha upya. Ujuzi huo unapatikana kabla ya ajira, na hapa Dodoma mahali pa kuupatia papo: zipo shule za kata ambazo vitabu vya msaada bado vimelala kwenye maboksi stoo.

Vijana wawili waende kwa mkuu wa shule na mpango wa maandishi wa ukurasa mmoja. Kwanza vitabu vichambuliwe: vilivyoliwa na mchwa, vya mitaala iliyopita na nakala zilizozidi vitengwe, lakini visitupwe kabla shule haijaridhia kwa maandishi, kwa sababu ni mali ya umma. Vinavyobaki vigongwe muhuri kwenye ukurasa wa jina la kitabu na kwenye ukurasa mmoja wa siri ambao ni uleule kwa vitabu vyote, tuseme wa 17. Mwizi huchana ukurasa wa mbele, huo wa ndani haujui. Kisha kila nakala iingie kwenye rejista kwa namba yake: tarehe, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, bei au mtoaji. Nakala 40 za kitabu kimoja ni mistari 40. Anayeandika mstari mmoja na kuweka "nakala 40" hataweza kujua ni ipi iliyopotea, wala ilikuwa kwa mwanafunzi gani.

Lebo ibandikwe mgongoni, sentimita 3 kutoka chini, vitabu vyote usawa mmoja, ili jicho lipite rafuni bila kupanda na kushuka. Vitabu vya kiada vyembamba havina mgongo wa kutosha lebo. Hivyo bandika kwenye jalada la mbele, pembe ya chini upande wa kushoto. Msifunike lebo kwa selotepu ya kawaida. Kwa joto letu inageuka njano, gundi inachuruzika na kunasa vumbi, mwishowe inabanduka na lebo yenyewe. Rafu ziachane na ukuta, na ubao wa chini uwe juu ya sakafu walau sentimita 15, mchwa waonekane wakianza kujenga. Watu wawili wanaoelewana wanaweza kumaliza vitabu 80 hadi 100 kwa siku.

Kwenye namba za Dewey, mfumo wa kupanga vitabu vya maktaba kwa mada, ndiko kosa linakojirudia. Riwaya ya Kiswahili inawekwa 823 kwa kuwa mtu amenakili mfano wa darasani, wakati 823 ni riwaya za Kiingereza. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392: ongeza 1 kwa ushairi, 2 kwa tamthilia, 3 kwa riwaya. Lugha yenyewe, sarufi na kamusi, ni 496.392. Kwa mkoa wetu, kilimo cha zabibu ni 634.8 na utengenezaji wa mvinyo ni 663.2. Ukivichanganya, mkulima wa Hombolo anayetafuta namna ya kupogoa mizabibu atakutana na kitabu cha kuchachusha mvinyo, aondoke akiamini maktaba haina anachotaka.

Shule yenye kompyuta inaweza kutumia Koha, programu ya bure inayotumika kwenye maktaba nyingi duniani. Hapo angalieni uga wa 245, yaani sehemu ya kuandikia jina la kitabu. Tarakimu ya pili kati ya mbili zinazotangulia jina hilo, ziitwazo vielekezi, huiambia kompyuta iruke herufi ngapi inapopanga orodha. Jina la Kiingereza linaloanza na "The" huwekwa 4, kwa sababu nafasi inayofuata nayo inahesabiwa. La Kiswahili ni 0 siku zote. Ukiacha 4, kitabu kinachoanza na neno "Kilimo" kitapangwa kwenye "mo".

Lakini kinachompandisha mkutubi kazini kuliko hayo yote ni kujua msomaji anatafuta nini hasa, na hili vyuo vinalipita haraka mno. Mwanafunzi anakuja anasema, "Naomba kitabu cha mmomonyoko." Ukimnyooshea kidole rafuni umemaliza kazi yako vibaya. Muulize: wa wapi, wa miaka gani, kwa kazi ipi, na ameshasoma nini. Ikibainika anaandika kuhusu Kondoa, anachohitaji ni taarifa za mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973, pamoja na maandishi ya baada ya mifugo kuondolewa maeneo yaliyoharibika mwaka 1979. Mengi ya hayo usiyatafute dukani; yanakaa kwenye majalada ya ofisi na maktaba za wizara. Vivyo hivyo anayefuatilia historia ya viwanja vya mjini lazima ajue kwamba CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliundwa 1973 na kuvunjwa 2017, na kwamba Manispaa ya Dodoma ilipandishwa kuwa Jiji mwaka 2018. Akitafuta kwa jina la leo pekee, nyaraka za zaidi ya miaka 40 zitampita. Mkutubi anayeweka majina yote, la zamani na jipya, na kuyaunganisha, mtafiti hatamsahau.

Serikali imehamia hapa na masjala zake, kwa hiyo kijana ajifunze pia kuhifadhi nyaraka kidijitali. Skani kwa nukta 300 kwa inchi, hifadhi kwa PDF/A, aina ya PDF ya kutunza nyaraka kwa muda mrefu, endesha programu ya kutambua maandishi ili faili litafutike, na ulipe jina linaloeleweka: mwaka, ofisi, mada. Faili lililoitwa "scan001" ni sawa na lililopotea. Wekeni nakala tatu, moja ikae jengo jingine. Na asiwepo anayebeba faili la ofisi kwenye flashi yake kwenda nalo nyumbani, hata kwa nia njema. Ukionekana mara moja huaminiki na siri za watu, hakuna cheti kitakachokuokoa.

Wakuu wa shule nao nawaomba wawapokee vijana hawa, wawape chumba chenye kufuli na mwalimu mmoja wa kusimamia, na kazi ikiisha wawaandikie barua inayotaja idadi ya vitabu vilivyoandikishwa, mfumo uliotumika na tarehe. Barua ya "alikuwa mchapakazi na mwenye nidhamu" haimsaidii. Kijana aiambatishe na picha za rafu kabla na baada, na kurasa mbili za rejista aliyoiandika kwa mkono wake.

Mkutubi,
Dodoma