Mhariri, ini la mvuvi halisomwi kwa dakika nne

Ndugu Mhariri,

Nafanya biashara ya mabondo ya sangara, yaani mifuko ya hewa ya samaki huyo, hapa Kirumba, jirani na soko la Mwaloni, mwaka wa kumi na tisa sasa. Gazeti lako nalisoma kila siku mzigo wa asubuhi ukishapimwa, na kwenye ukurasa wa barua naona wasomaji wakiandika kuhusu barabara, maji na ushuru. Leo naomba nafasi niandike kuhusu ini, na kuhusu kipimo cha utrasaundi ambacho huku kwetu wengi wanaamini ni cha wajawazito tu.

Mdogo wangu ni mvuvi wa dagaa katika kisiwa kimoja cha Ukerewe. Tulipokuwa watoto tulichota maji ziwani, tukafua ziwani, tukaoga humo humo. Mimi nilihamia mjini, yeye maji hajayaacha. Usiku yuko mtumbwini, alfajiri anateremsha mzigo maji yakiwa kiunoni. Miaka miwili iliyopita alianza kulalamika uzito chini ya mbavu za kushoto. Akila matonge matatu ameshiba. Akavuka kuja mjini, nikampeleka kupiga utrasaundi kwenye kituo ambacho sitakitaja, maana nia yangu si kumchongea mtu.

Asubuhi ile alikuwa amekunywa supu ya sato na chapati mbili. Hakuna aliyemuuliza kama amekula. Alilala kitandani, akapakwa jeli, kidude kikapita juu ya tumbo mara tatu au nne, kisha akaambiwa avae shati. Nilikuwa nimesimama mlangoni chini ya saa ya ukutani. Dakika nne. Tukapewa karatasi yenye mistari miwili ya Kiingereza, na kwenye dirisha la dawa akapewa vidonge vya vidonda vya tumbo. Karatasi nikaikunja, nikaichomeka ndani ya daftari langu la mauzo, na humo ikakaa miezi minane.

Katika mwezi huo wa nane tangu kipimo kile alitapika damu kambini, usiku. Wenzake walidhani amelishwa sumu. Walimkingia kopo la kukombea maji mtumbwini, likajaa, wakamwaga, likajaa tena. Kopo hilo nalijua, ni dumu dogo la mafuta ya kula lililokatwa mdomo, na tangu siku hiyo nikiliona la aina ile nageuza uso. Walimpakia kwenye mtumbwi wa injini gizani, na mchana wa siku iliyofuata nilikuwa nimekaa naye wodini kilimani Bugando, akiongezewa damu chupa ya tatu.

Alipopata nguvu alipelekwa tena utrasaundi. Daktari alikuwa binti mdogo tu, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Amekula?" Hajala tangu jana jioni. "Vizuri," akasema, "tumbo likiwa na chakula na gesi sioni kitu." Alimlaza chali, akamgeuza ubavu wa kushoto, akamwambia avute pumzi aishikilie, akapitisha kile kidude katikati ya mbavu, kisha upande wa bandama, akarudi tena. Dakika arobaini. Mwisho akaniita nisogee kwenye kioo.

"Mama, umewahi kusikia kichocho cha tumbo?"

Nimesikia, nani wa ziwani hajasikia. Ila nilidhani ni ugonjwa wa watoto wa shule na wa choo chenye damu. Alinieleza hivi, nami naandika kama nilivyoelewa. Vijidudu vinatoka kwa konokono wa ziwani, vinapenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, vinakua kuwa minyoo inayokaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Jike linataga mayai. Mengine yanatoka na choo, mengine yanachukuliwa na damu hadi ndani ya ini, yanakwama, na mwili unayazungushia kovu. Kovu juu ya kovu, miaka na miaka. Makovu hayo yanafuata matawi ya ule mshipa mkubwa unaoingiza damu kwenye ini kutoka utumbo na bandama, wataalamu wanauita mshipa wa lango. Lango likibanwa, damu inarudi nyuma kama mto uliozibwa kwenye karavati, bandama inavimba, na damu inatafuta vichochoro. Kichochoro kimojawapo ni mishipa myembamba ya umio, njia ya chakula. Hiyo ndiyo iliyopasuka usiku ule kambini.

Kwenye kioo nilimwona mdogo wangu kwa ndani. Kando ya vijia vyeusi vya mishipa palikuwa na kingo nyeupe nene, kama shina la kiko alichokuwa akivuta babu yetu. Daktari alisema mfano huo huo wa kiko ulitumiwa na mtaalamu aitwaye Symmers mwaka 1904, alipoeleza maini ya wagonjwa wa kichocho kule Misri. Akapima upana wa mshipa wa lango, milimita 17. Kwa kawaida, alisema, hauzidi 13. Kisha akabonyeza kitufe, picha ikawa na rangi. Kipimo hicho wanakiita Dopla, kinaonyesha damu inavyotembea, nyekundu ikija kuelekea kidude na bluu ikienda zake, na pia mwendo wake. Mahali ambapo mtu mwenye afya hana kitu, pembeni ya bandama, palikuwa na rundo la rangi zilizojisokota kama nyavu zilizonasana. Hivyo ndivyo vichochoro.

Nilimuuliza swali lililokuwa linanitafuna: kwa nini macho yake hayakuwa ya njano, kwa nini vipimo vya damu vya ini vilirudi vizuri? Akasema ndivyo kichocho kilivyo. Chembe za ini zenyewe zinaendelea kufanya kazi muda mrefu, kinachoharibika ni njia za damu. Kwa hiyo anayetazama macho na majibu ya damu peke yake anaweza kumrudisha mgonjwa nyumbani. Utrasaundi iliyofanywa kwa utulivu haimkosi kirahisi. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa kusoma picha hizi, uliotokana na kikao cha Niamey, Niger, na kuchapishwa mwaka 2000. Humo maumbo ya ini yamepangwa kwa herufi, A likiwa ini safi, B lenye madoa kama nyota angani, hadi F. Kwenye karatasi ya mdogo wangu aliandika E.

Jioni nilipofika nyumbani nilitoa ile karatasi ya kwanza kwenye daftari, nikampa mwanangu wa sekondari anisomee. Iliandikwa kwamba ini limeongezeka kidogo, bandama imeongezeka, afanyiwe uchunguzi zaidi. Uchunguzi zaidi, Mhariri! Yalikuwa yameandikwa, yakalala ndani ya daftari la mabondo miezi minane kwa sababu hakuna aliyetusomea kwa lugha yetu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata zile dakika nne.

Naomba nieleze pia jinsi nilivyokielewa kipimo chenyewe, kwa sababu hofu ya watu inatokana na kutokielewa. Chumba cha utrasaundi mara nyingi kiko kwenye jengo lililoandikwa "Mionzi", na nimesikia wanawake wakikataa kuingia wakisema mionzi italeta saratani. Utrasaundi haina mionzi. Ni sauti, ya juu kiasi kwamba sikio letu haliisikii. Inatumwa mwilini, inagonga, inarudi, mashine inachora mwangwi. Wavuvi wenye mashine ya kutafutia samaki wanalijua jambo hili. Na sisi wa mabondo tunalo letu: sehemu kubwa ya mwangwi anaourudisha sangara kwenye mashine zile inatokana na bondo lake, kwa sababu lina hewa, na sauti ikikutana na hewa inarudi kwa nguvu. Ndiyo maana ya jeli, kuondoa hewa kati ya kidude na ngozi. Na ndiyo maana ya kutokula.

Nilipomwambia daktari habari ya bondo alicheka kwa furaha, akasema hospitali za nchi nyingine zinatumia siri hiyo hiyo kutambua uvimbe wa ini. Mgonjwa anachomwa kwenye mshipa dawa yenye viputo vya gesi, vidogo kuliko chembe nyekundu ya damu. Vinazunguka na damu, vinang'aa kwenye kioo, na baada ya dakika chache gesi inatoka kwa pumzi, figo hazihusiki. Ini la kawaida linapata sehemu kubwa ya damu, kama robo tatu, kupitia lango. Saratani inayoanzia kwenye ini inajinyonyea kwenye ateri, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni. Kwa hiyo uvimbe wa saratani unawaka mapema kuliko ini linaloizunguka, kisha unafifia. Uvimbe usio na hatari, ule wa vimishipa vya damu, unajaa polepole kuanzia pembeni kwenda katikati.

Habari hiyo ilinihusu mwenyewe. Baada ya yaliyompata mdogo wangu nilikwenda kupima, na kwenye ini langu likaonekana doa moja jeupe la duara, sentimita mbili. Nililala na neno "uvimbe" wiki tatu, nikagawa hata vitenge vyangu kichwani, huyu apewe hiki, yule kile. Nilipigwa picha ya CT, ile eksirei ya kompyuta, yenye dawa, kwa fedha ya mzigo mzima wa mabondo, na likajaa polepole kutoka pembeni. Si saratani. Naambiwa watu wengi wanaishi na doa kama hilo hadi uzee bila kujua. Kipimo cha viputo kingenipa jibu pale pale kitandani, siku ile ile.

Kijana wa jirani yetu hakuwa na bahati hiyo. Alikwenda kuchangia damu, akaambiwa damu yake haifai, ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Hakuelezwa la kufanya baada ya hapo. Alikuwa na afya, anabeba magunia. Alipoanza kukonda na tumbo kujaa maji, majirani wakasema amerogwa, akazungushwa kwa waganga miezi miwili, na alipofika hospitali uvimbe ulikuwa umechukua nusu ya ini. Tulimzika. Mtu mwenye virusi hivyo anapaswa kufuatiliwa, na ambaye ini lake limeshasinyaa, au daktari ameona yuko kwenye hatari, apigwe utrasaundi kila baada ya miezi 6, kwa sababu uvimbe ukikutwa ukiwa mdogo upo uwezekano wa kuukata au kuuchoma. Ipo pia mashine inayosukuma ini kidogo na kupima ugumu wake, ikatoa namba badala ya maneno "limekuwa gumu kidogo". Mtu anajua ini lake lilikuwa ngapi mwaka jana na ni ngapi sasa. Ingempata kijana yule mapema mashine hiyo, au hata utrasaundi ya kawaida tu, pengine angekuwa hai.

Ninachoomba kwa wahusika si kila zahanati ipewe mashine ya viputo. Naomba pale ambapo utrasaundi ipo, na sasa ipo hadi vituo vingi vya afya, mhudumu afundishwe kutazama ini na bandama la mtu wa ziwani, siyo mtoto tumboni pekee. Apime lango. Aulize, "Unafanya kazi majini?" Na majibu yasomwe kwa Kiswahili mgonjwa akiwa amekaa hapo, na pakiandikwa uchunguzi zaidi aambiwe ni upi, wapi na lini.

Siku hizi ziko mashine ndogo zinazounganishwa na simu, zinaingia kwenye mkoba. Zile timu zinazogawa prazikwanteli, dawa ya kichocho, shuleni zingeweza kufika nazo makambini pia. Vidonge vinawafikia watoto wa shule, na hilo ni jema, lakini mvuvi wa miaka 35 na mama anayeanika dagaa hawako darasani. Shirika la Afya Duniani lilishaelekeza mwaka 2022 kwamba kwenye maeneo yaliyoathirika watu wazima nao wapewe dawa, na watoto kuanzia miaka 2. Dawa inaua minyoo, ila makovu ya zamani hayaondoki kirahisi, kwa hiyo kumpa kidonge mtu bila kumtazama ini ni nusu ya kazi.

Nawaomba pia wamiliki wa mitumbwi wenzangu tunaokula jasho la vijana hawa. Tunawanunulia taa, betri na neti. Nauli ya kivuko na gharama ya kipimo kimoja kwa mwaka haitatufilisi.

Mdogo wangu amefungwa mishipa ya umio mara tatu sasa, wanaingiza mpira wenye kamera kupitia mdomoni na kuibana kwa vipete vidogo. Anameza dawa ya kupunguza presha kwenye lango. Amerudi kazini, ila nchi kavu, anapokea mzigo na kuhesabu. Anarudi hospitali mwezi ujao. Nimemwambia safari hii aje na mwanawe mkubwa, ana miaka 14 na anaogelea kila siku baada ya shule, na alfajiri ya siku hiyo asimpe chai.

Muuza mabondo,
Kirumba, Mwanza